Barua ya Wazi Kuhusu Maneno Manne: "Baada ya Dawa Kushindwa"

Kwa Wizara ya Afya, kwa kamati zinazoandika miongozo ya matibabu, na kwa wanaopanga kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu maneno manne. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikaa ndani ya miongozo ya tiba ya moyo ya Ulaya na Marekani, yakiamua nani aingie kwenye maabara ya katheta na nani arudi nyumbani na cheti cha vidonge: "baada ya dawa kushindwa". Mtu ambaye moyo wake unapapatika alitakiwa kwanza ameze dawa za kurekebisha mapigo. Zikimshinda, pengine alijaribiwa aina ya pili, na hapo ndipo daktari alipothubutu kutaja tiba ya kuuingilia mfumo wa umeme wa moyo. Huko yalikoanzia, kwa wagonjwa wanaofaa, maneno hayo yameondolewa. Mwandishi wa barua hii anawaomba waheshimiwa wasiyapokee kama nguo iliyovuliwa na wengine.

Ugonjwa wenyewe wataalamu wanaufahamu, ila barua ya wazi husomwa pia na mwenye nyumba, dereva na mama wa sokoni, kwa hiyo haina budi kueleza. Moyo una kituo chake cha umeme kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Mtu akiwa ametulia, kituo hicho hutoa amri mara 60 hadi 100 kwa dakika, na misuli huitika kwa zamu, vyumba vya juu vikitangulia na vya chini vikifuata. Katika mpapatiko wa atiria, ambao madaktari huuita AF kwa ufupi, amri hutoka kila upande, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Vyumba vya juu haviminyi damu tena. Vinatetemeka tu, kama kifaranga aliyefumbatwa kiganjani.

Wapo wanaosikia moyo ukienda mbio, pumzi ikikata wakipanda ngazi, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Wengi hudhani presha imepanda, au huambiwa ni wasiwasi. Wapo pia wasiosikia chochote hadi siku mdomo unapopinda na mkono mmoja kukataa kuinuka, kwa sababu damu inayozubaa kwenye kona ya chumba cha juu cha kushoto huganda, na bonge likichomoka likafika ubongoni, hicho ni kiharusi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, uliona kwamba mpapatiko huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza mahali cheche za ugonjwa huu zinapowakia. Waliwapima wagonjwa 45 na kukuta vyanzo 69 vya mapigo yaliyokuwa yakiamsha mpapatiko. Vyanzo 65 kati ya hivyo havikuwa ndani ya vyumba vya moyo, bali ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Ugunduzi huo ndio uliozaa tiba inayozungumziwa hapa. Daktari hupitisha katheta kwenye mshipa wa paja (si mpira wa mkojo unaojulikana wodini, bali waya mwembamba unaoongozwa hadi moyoni), huvuka kutoka chumba cha juu cha kulia kwenda cha kushoto, kisha huzungushia midomo ya mishipa ile kovu jembamba ambalo umeme hauwezi kulivuka. Kovu hilo hufanywa kwa joto la mawimbi ya redio, kwa puto linalogandisha tishu kwa baridi kali, na katika miaka ya karibuni kwa mipigo mifupi ya umeme. Kitaalamu huitwa ablesheni. Kifua hakipasuliwi.

Sasa swali la wakati, ambalo ndilo kiini cha barua hii. Kwa nini mapema? Kwa nini dawa zisijaribiwe kwanza, ilhali vidonge ni rahisi na havimtishi mgonjwa?

Jibu la kwanza lilitoka kwa mbuzi. Huko Maastricht, Uholanzi, Wijffels, Allessie na wenzao waliwafunga mbuzi kifaa kilichokuwa kikiamsha mpapatiko kila mara moyo uliporudi katika mwendo wake wa kawaida, na matokeo waliyachapisha mwaka 1995. Mwanzoni, ukiamshwa, mpapatiko ulidumu sekunde chache tu kisha ukazimika wenyewe. Kadiri siku zilivyopita ulikawia zaidi: dakika, kisha saa. Baada ya wastani wa siku 7 hivi, katika mbuzi 10 kati ya 11, haukuzimika tena hata baada ya saa 24. Moyo ulikuwa umejifunza kupapatika. Misuli ya vyumba vya juu ilibadili tabia yake ya umeme, na badiliko hilo likaufanya mpapatiko unaofuata uwe rahisi kuwaka na mgumu kuzima. Watafiti hao waliona pia kwamba moyo ukirudishwa katika mwendo wake mapema, badiliko hilo hurekebika. Anayefuga anajua kwamba mbuzi aliyezoea kuvunja ua hafanani na yule aliyelivunja jana kwa mara ya kwanza. Kwa binadamu jambo hili huchukua miaka badala ya siku, lakini mwelekeo ni uleule: mpapatiko wa kuja na kuondoka huwa wa kudumu, vyumba hutanuka, makovu ya maradhi yenyewe hujaa ukutani, na tiba yoyote inayokuja wakati huo hukuta kazi imekuwa kubwa.

Jibu la pili lilitoka kwa watu. Nchini Kanada, Jason Andrade na wenzake waliwachukua wagonjwa 303 wenye mpapatiko wa kuja na kuondoka ambao walikuwa bado hawajatibiwa kwa dawa za kurekebisha mapigo. Kwa bahati nasibu, 154 walipata ablesheni ya puto la baridi na 149 wakapewa dawa. Jambo ambalo mwandishi anaomba kamati zilitazame kwa makini ni kwamba kila mgonjwa aliwekewa chini ya ngozi kifaa kidogo cha kurekodi mapigo usiku na mchana. Hapakuwa na kutegemea kumbukumbu za mgonjwa wala kipimo cha dakika moja kliniki. Baada ya mwaka mmoja, mapigo mabaya ya vyumba vya juu yalikuwa yamerudi kwa watu 66 wa kundi la ablesheni, yaani asilimia 42.9, na kwa watu 101 wa kundi la dawa, yaani asilimia 67.8. Kurudi kulikoambatana na dalili ambazo mgonjwa mwenyewe alizisikia kulikuwa asilimia 11.0 upande mmoja na 26.2 upande wa pili. Madhara makubwa yaliwapata 5 wa ablesheni na 6 wa dawa.

Tarakimu hizo zinaweza kumfanya msomaji aulize: kama kwa watu 4 kati ya 10 ugonjwa ulirudi, tiba hiyo inasifiwa kwa lipi? Ni swali la haki. Kifaa kile kilikuwa kikihesabu hata kipindi cha sekunde 30, hivyo mtu ambaye moyo wake ulipapatika kwa nusu dakika katika mwaka mzima alihesabiwa kuwa ugonjwa umemrudia. Jibu zito zaidi lilikuja watafiti walipowafuatilia watu walewale kwa miaka 3. Walioingia katika mpapatiko wa kudumu, ule wa mbuzi wa Maastricht, walikuwa asilimia 1.9 ya kundi la ablesheni na asilimia 7.4 ya kundi la dawa. Waliolazwa hospitali walikuwa asilimia 5.2 na 16.8. Wanaolipa bili za kulazwa wana sababu ya kuzisoma namba hizo mbili za mwisho mara mbili.

Kanada haikuwa peke yake. Nchini Marekani, utafiti wa wagonjwa 203 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 74.6 ya waliofanyiwa ablesheni mwanzoni, ikilinganishwa na asilimia 45.0 ya waliopewa dawa.

Mwandishi angekosa uaminifu kama angeificha historia ya upande wa pili. Mwaka 2012 utafiti wa Denmark na majirani zake, wa wagonjwa 294, haukuona tofauti kubwa katika jumla ya muda wa mpapatiko kwa miaka 2 kati ya ablesheni na dawa. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vya kizazi kingine, lakini matokeo ni matokeo. Mwaka 2019 utafiti mkubwa ulioitwa CABANA, wenye watu 2,204, haukuthibitisha kwamba ablesheni hupunguza vifo na viharusi kuliko dawa kwa wagonjwa wote kwa ujumla. Anayeiuza tiba hii kwa ahadi ya kurefusha maisha ya kila mwenye mpapatiko anasema zaidi ya ushahidi. Wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ndio walioonyesha faida ya uhai, katika utafiti wa CASTLE-AF wa mwaka 2018: kufa au kulazwa kwa moyo kushindwa kulishuka kutoka asilimia 44.6 hadi 28.5.

Palikuwa na wasiwasi mwingine, kwamba pengine mgonjwa hupata nafuu kwa sababu tu ameamini amefanyiwa jambo kubwa. Waingereza wakaupima. Wagonjwa 126 waliingizwa maabara na kulazwa usingizi wa dawa, ila nusu yao tu ndio waliofanyiwa ablesheni ya kweli, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko upande gani. Baada ya miezi 6, muda wa mpapatiko ulipungua kwa asilimia 60 hivi kwa waliotibiwa kweli na asilimia 35 kwa wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024.

Hivyo ndivyo maneno manne yalivyopoteza nguvu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 uliyaweka katika daraja la juu: ablesheni kwa mwenye dalili ambaye angalau dawa moja imemshinda. Mwongozo wa mwaka 2023 wa nchi hiyohiyo uliipandisha ablesheni kuwa chaguo la kwanza, katika daraja la juu kabisa, kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, hasa wenye umri mdogo kidogo na wasio na maradhi mengi mengine. Ulaya ikafuata mwaka 2024 kwa wenye mpapatiko wa kuja na kuondoka, uamuzi ukifanywa na daktari na mgonjwa kwa pamoja.

Waheshimiwa wanaweza kusema: hayo ni ya Vancouver na London, yatuhusu nini sisi wa Hai?

Hai ni mfano mzuri wa kuanzia. Watafiti waliwapima wazee 2,232 wa miaka 70 na zaidi katika wilaya hiyo ya Kilimanjaro na kuukuta mpapatiko kwa watu 15 tu, chini ya mmoja katika kila mia. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwashangaza wenyewe, kwa sababu Ulaya uwiano kwa umri huo ni mkubwa mara nyingi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba ugonjwa huu si wetu. Ila kipimo cha umeme wa moyo kinachochukuliwa mara moja hakimnasi mtu ambaye moyo wake ulipapatika jana usiku na leo asubuhi umetulia, na mtu wa namna hiyo ndiye hasa ambaye tiba ya mapema inamhusu.

Kisha kuna namba nyingine, ambayo mwandishi anaiona nzito kuliko zote katika barua hii. Daftari la kimataifa liliwaandikisha zaidi ya wagonjwa 15,000 wenye mpapatiko waliofika idara za dharura katika nchi 47. Baada ya mwaka mmoja, katika Amerika ya Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia, walikuwa wamefariki watu 10 katika kila mia. Katika Afrika walikuwa wamefariki 225 kati ya 1,137, yaani 20 katika kila mia. Na wagonjwa wa Afrika walikuwa wadogo kwa umri, takriban miaka 10 chini ya wale wa nchi tajiri. Duniani kote chanzo kikuu cha vifo hivyo kilikuwa moyo kushindwa kufanya kazi, si kiharusi. Watu hao hawakufa kwa kukosa puto la baridi. Walifika wakiwa wamechelewa kila hatua.

Daftari hilohilo linaeleza sehemu ya sababu. Katika Afrika, mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Amerika ya Kaskazini walikuwa wawili katika mia. Kwa mwenye valvu ya mitrali iliyobana sana, matokeo ya Kanada hayamhusu. Anahitaji valvu ishughulikiwe, na anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500, ulionyesha kwamba kwa watu hao dawa za kundi la warfarini ziliokoa maisha kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Kwa hiyo mwandishi haombi kila mpapatiko upelekwe maabara. Anaomba watu wawili wasichanganywe kwenye foleni moja: kijana wa valvu anayehitaji penisilini, warfarini na upasuaji, na mama wa miaka 52 mwenye presha, valvu nzima na mpapatiko wa miezi minane, ambaye bado ana dirisha la kuzuia usiwe wa kudumu.

Dirisha hilo si la ablesheni peke yake. Ulaya, watu 2,789 ambao ugonjwa wao ulikuwa umegundulika ndani ya miezi 12 walifuatiliwa katika utafiti wa EAST-AFNET 4. Nusu walirudishiwa mapigo ya kawaida tangu mwanzo, wengi wao kwa dawa na wachache kwa ablesheni. Nusu nyingine walisubiri dalili ziwalazimishe. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, baada ya miaka 5 hivi, kwa sababu faida ilikuwa imeonekana: vifo vya moyo na mishipa, viharusi na kulazwa kwa maradhi ya moyo vilikuwa 3.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka upande wa mapema, na 5.0 upande wa kusubiri. Hospitali ya mkoa isiyo na maabara ya katheta inaweza kuwahi pia. Kuishusha presha, kupunguza uzito na kuacha pombe ni sehemu ya tiba hiyo. Huko Australia, wanywaji walioacha pombe walipata mpapatiko mara chache kuliko walioendelea kunywa.

Hatari za ablesheni zisifichwe pia. Damu inaweza kuvuja kwenye mfuko wa moyo na kuubana. Mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kupumulia unaweza kupata ganzi. Kiharusi kinaweza kutokea mezani. Mara chache sana, joto hutoboa njia kati ya moyo na umio, na wengi wanaopatwa na hilo hufa. Mambo haya hupungua kwa mikono iliyozoea, ndiyo maana huduma hii haifai kutawanywa vituo kumi vinavyofanya wagonjwa wachache kila kimoja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, tayari ina mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo na madaktari wa fani hiyo. Wapewe vifaa bila kukatika na wagonjwa wa kutosha kuikuza mikono yao, kisha matokeo yao yahesabiwe hadharani kila mwaka. Mgonjwa naye aambiwe mapema kwamba dawa za kuzuia damu kuganda hazitupwi siku ya kutoka wodini. Huendelea angalau miezi 2 hadi 3, na baada ya hapo kuendelea au kuacha hutegemea umri, presha, kisukari na historia ya kiharusi, si jinsi moyo unavyosikika kutulia.

Gharama ni kubwa na mwandishi hana nia ya kulipita jambo hilo kwa haraka. Katheta nyingi huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Ila bili moja kubwa huogopesha kwa sababu inaonekana, ilhali dawa ya mapigo iitwayo amiodaroni kwa miaka sita, vipimo vya tezi na mapafu inayoyadhuru, safari za dharura na wiki za wodini hutawanyika katika mafaili ambayo hakuna anayeyajumlisha. Mfuko wa bima ndio pekee wenye mafaili yote. Uyajumlishe kabla ya kuamua.

Ombi lenyewe, basi. Pale kitita cha mafao kitakapotaja tiba ya mfumo wa umeme wa moyo, sharti la kuruhusiwa lisiwe idadi ya dawa zilizomshinda mgonjwa. Liwe aina ya mpapatiko, dalili, hali ya valvu, na muda tangu ugonjwa ulipogundulika. Ili muda huo ujulikane, zahanati ziagizwe kushika kifundo cha mkono cha kila mwenye presha au kisukari anayefika kliniki, na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima badala ya kutegemea namba ya mashine ya presha. Yakiwa hayana mpangilio, mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo kunakopatikana kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi ya kipimo ibaki kwake.

Na kwenye fomu ya rufaa kuongezwe kisanduku kimoja, karibu na jina na umri: tarehe ya kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo (ECG) kilichoonyesha mpapatiko. Daktari wa Dar es Salaam anayeipokea fomu kutoka Kigoma au Newala ataisoma tarehe hiyo kwanza, na atajua ni miezi mingapi imebaki.